Migongo Kumi na Miwili

Kabla ya kueleza lililotokea, yafaa nieleze hali ilivyokuwa, kwa sababu jambo hili lisingeweza kutokea mahali pengine wala katika majira mengine ya mwaka.

Katika vijiji vya upande wa Samuye, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mwaka uligawanyika sehemu mbili zisizolingana. Sehemu ndefu ilikuwa ya jembe. Sehemu fupi ilikuwa ya ngoma, nayo ilianza pamba ilipokwisha kupimwa na mtama kuingia ghalani, ikakoma mawingu ya kwanza yalipoonekana. Katika sehemu hii ya pili watu waliokuwa na akili zao timamu tangu kupanda hadi kuvuna waliziweka kando kwa hiari. Mwalimu aliyeitisha mkutano wa wazazi mwezi wa saba alihutubia madawati. Nalisema hili kwa kuwa niliwahi kuyahutubia.

Mashindano ya ngoma yalikuwa na kanuni moja, nayo ilikuwa ya zamani kuliko mtu yeyote aliyekuwapo. Makundi mawili yalicheza katika uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Watazamaji walikuwa huru kusimama watakako, na wazee watatu, waliokaa katikati juu ya vigoda, walitazama jambo moja tu: watu wako wapi. Jua lilipokaribia kuzama, kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo lililoshinda. Uzuri wa nyimbo, wepesi wa miguu na unadhifu wa mavazi vilikuwa na thamani kwa kadiri tu vilivyoweza kumhamisha mtu kutoka upande mmoja wa uwanja kwenda wa pili. Nimesoma baadaye maandishi marefu ya wataalamu juu ya namna ya kuihukumu sanaa, na sijaona yaliyo wazi kuliko kanuni ile.

Kiongozi wa kundi, aliyetunga nyimbo na kuziongoza, aliitwa manju. Manju wa kijiji nilikofundisha alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sauti iliyosikika ng'ambo ya mbuga na wasiwasi uliosikika na mkewe peke yake. Alikuwa ameshindwa misimu miwili mfululizo, na mara zote mbili alishindwa na mtu mmoja, manju wa Ibadakuli. Huyu wa Ibadakuli, kwa kuwa aliishi jirani na uwanja wa ndege, alikuwa amejitengenezea ndege. Aliiunda kwa fito na magunia ya unga, akaivaa kiunoni, akakimbia nayo huku na huko mabawa yakiyumba na filimbi mbili zikiwa kinywani mwake kwa pamoja. Msimu wa kwanza ndege ile ilikimbia tu. Msimu wa pili ilitoa moshi mkiani, nao ulikuwa majivu yaliyotiwa ndani ya soksi. Watu wa kijiji chetu walikwenda kuitazama, na mke wa manju wetu alikuwa miongoni mwa waliotangulia.

Baada ya kushindwa huko kwa pili wachezaji walikutana, wakamweleza manju wetu, kwa heshima zote, kwamba ngoma kuu, ile iliyokaa nyumbani kwa kiongozi, wangemwachia kwa msimu mmoja zaidi. Watu wakiifuata ndege tena, ngoma itahamia nyumba nyingine. Habari hii ilijulikana na kila mtu, hata wanafunzi wangu wa darasa la nne. Asiyekuwa na ngoma ile nyumbani kwake alikuwa mkulima kama wakulima wengine, na manju wetu, kwa ushuhuda wa mkewe, alikuwa mkulima mbaya.

Upande wangu, nilikuwa mwalimu kijana, mzaliwa wa magharibi, upande wa Runzewe, ambako lugha ya nyumbani ni Kisumbwa. Kisukuma nilikielewa vizuri na kukisema vibaya, jambo lililowafurahisha wenyeji zaidi kuliko lolote nililowafundishia watoto wao. Kabla ya ualimu nilikuwa nimesoma seminari miaka saba, mpaka nilipotambua, na kutambuliwa, kwamba sikuitwa kuwa padri. Nilitoka huko na vitu viwili: Kilatini, ambacho hakuna aliyekihitaji, na kisanduku cha bati chenye rangi za uso. Kila mwaka seminarini tuliigiza michezo ya Warumi, na padri aliyetufundisha Kilatini alinikabidhi kazi ya kuwatia ndevu vijana wasio na ndevu, makunyanzi maseneta wa miaka kumi na minne, na majeraha wale waliopaswa kufa kabla ya chakula cha jioni. Alinifundisha kupima kabla ya kupaka na kutouacha mchoro kabla haujakamilika. Siku niliyoondoka alinipa kisanduku kile. Nadhani alinihurumia.

Manju aliijua habari ya rangi zangu kwa sababu katika maonyesho ya sikukuu ya wakulima nilikuwa nimewapaka wanafunzi sura za simba na za kima. Alikuja nyumbani kwangu alasiri moja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa kiti, akakubali kiti, kisha akauliza kama rangi ile ingeweza kuchora chale.

Hapa sina budi kueleza. Wazee wengi wa vijiji vile, hasa wanawake, walikuwa na chale migongoni, mikononi na matumboni: safu za mikato midogo iliyopakwa masizi ikiwa bado mibichi, ikapona na kuacha alama nyeusi za kudumu. Vijana hawakuchanjwa tena. Zahanati ilikataza kwa sababu zake, kanisa kwa sababu zake, na chama kwa sababu zake, na vijana wenyewe, ambao waliuogopa wembe, walishukuru kupata sababu tatu mahali ambapo moja ingetosha.

Manju alikuwa ameliwaza jambo hili kwa makini. Alinieleza kwamba umati hauundwi na vijana. Umati huundwa na vikongwe. Kikongwe akisimama mahali, wakwe zake watasimama hapo, na watoto wao mgongoni. Kisha waume watakuja kuona wake zao wanatazama nini. Anayetaka uwanja, basi, awatafutie vikongwe kitu cha kutazama. Naye alitaka kuwaonyesha kitu ambacho hawakukiona tangu ujana wao: wanaume wanaocheza wakiwa na chale migongoni.

Nilisema inawezekana. Hapo ningeweza kunyamaza, na maisha yangu ya msimu ule yangekuwa mepesi zaidi. Badala yake nilimwuliza kwa nini tuchore migongo kumi na miwili iliyotengana, ilhali wachezaji wakisimama bega kwa bega na kugeuka, mchoro mmoja ungeweza kwenda bila kukatika kutoka mgongo wa kwanza hadi wa mwisho, kama pindo la khanga. Manju akaniuliza kama jambo hilo nilikuwa nimemweleza mtu yeyote wa Ibadakuli.

Mchoro wenyewe ulikuwa mgongoni mwa mama yake. Nilikwenda kwake na daftari, penseli na rula, nikamkuta amekaa kwenye ngozi nje ya nyumba, mgongo ameuelekeza juani tayari, kwani mwanawe alikuwa amempelekea habari. Nilimsalimu mwangaluka, naye akanicheka matamshi. Kwa umri wake alikuwa nyanya yangu, na kwa hiyo, kwa desturi, aliniita mumewe.

"Mume wangu wa kwanza alitoa ng'ombe kumi na wawili kabla ya kuuona mgongo huu," alisema. "Wewe umekuja na rula."

Nilimjibu kwamba ng'ombe wako njiani. Akasema hata yule wa kwanza alisema hivyo.

Nilifanya kazi kwa saa nzima. Zilikuwa safu saba za mistari mifupi, mitano mitano, zilizopanda kutoka kiunoni hadi mabegani, na kati ya safu na safu palikuwa na mfululizo wa nukta. Nilipomaliza aliomba aone. Nilimwonyesha daftari, akaliinamia kwa ukali, kisha akaweka ukucha juu ya safu ya tatu, upande wa kushoto, akasema kwamba hapo nimekosea: nimeandika minne, iko mitano. Nilimweleza kwa adabu kwamba mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake, na kwamba yeye, kwa jinsi mwili wa binadamu ulivyoumbwa, hajapata kuuona mgongo wake hata siku moja.

"Sikuziona," akasema. "Nilizihesabu zikiingia."

Nilirudi nyuma yake, nikahesabu upya. Ilikuwa mitano, mmoja ulikuwa umejificha kwenye kunyanzi. Tangu siku ile sijawahi kumbishia mtu kuhusu jambo lililomwuma.

Jaribio la kwanza nililifanya kwenye mgongo wa mtunza josho. Huyu alikuwa mchezaji mkubwa kuliko wote, mtu ambaye fahali wa kijiji walimjua na kumwepuka, kwani aliwashika pembe na kuwazamisha katika dawa ya kupe bila kutumia msaidizi. Nilimkalisha darasani siku ya Jumamosi, nikanyoosha uzi uliopakwa chaki kutoka shingoni hadi kiunoni ili nipate mstari wa katikati, nikamgusa kwa brashi. Alitoa sauti ambayo sikutarajia kuisikia ikitoka kwenye kifua kama kile. Alikuwa anatekenyeka. Hakutekenyeka kidogo, kama watu wengine. Alitekenyeka kiasi kwamba brashi ilipomkaribia bila kumgusa alianza kucheka, na ilipomgusa aliling'ang'ania dawati hadi likasogea. Ilinibidi nipake kati ya kicheko na kicheko, kama mtu avukaye mto kwa kurukia mawe.

Hata hivyo kazi ilitoka vizuri. Nilikuwa nimezichanganya rangi zangu na masizi na samli ili zitoshe watu wote, na weusi ulikuwa weusi kweli. Nikamwambia akasimame juani. Baada ya muda mfupi samli iliyeyuka, mistari ikaanza safari ya kwenda kiunoni, na mtunza josho akafanana na ukuta wa nyumba inayovuja. Niliongeza unga wa chaki ili kuishikisha rangi, ikashika kwa muda zaidi, lakini hitimisho lilikuwa moja: wachezaji hawangeweza kupakwa nyumbani na kutembea hadi uwanjani. Wangepakwa palepale, kivulini, saa ile ile ya kucheza.

Nilikadiria. Robo saa kwa kila mgongo, migongo kumi na miwili, ni saa tatu. Ngoma zilianza saa saba mchana, kwa hiyo ningeanza saa nne asubuhi. Mtunza josho nilimweka wa mwisho katika mstari, ili kicheko chake kisiwaambukize wengine. Makadirio yale nimeyapitia mara nyingi tangu wakati ule, na bado sioni kosa lolote ndani yake, isipokuwa kwamba hayakumwuliza manju kuhusu dawa.

Kila kundi lilikuwa na dawa ya kuvuta watu na ya kujikinga na dawa ya wenzao. Wachezaji wetu walitakiwa kuogeshwa kwa maji ya majani alfajiri, kisha kufika uwanjani kwa njia ya mzunguko, wasije watu wa Ibadakuli wakaokota mchanga wa nyayo zao. Njia ile ya mzunguko ilipita karibu vijiji vitatu. Nilikaa saa nne, saa tano, na mwanzo wa saa sita chini ya kibanda cha kupimia pamba, kilichokuwa kandokando ya uwanja, chenye paa la bati na kisicho na kuta, nikiwa nimepanga brashi zangu kwa ukubwa. Wachezaji walipofika walikuwa wamelowa, na majani yamewaganda migongoni. Ilinibidi niwafute, mmoja mmoja, kwa shuka langu mwenyewe.

Nilipomaliza mgongo wa tatu, ngoma ya Ibadakuli ilipigwa.

Ndege ilikuwa imeboreshwa tena. Safari hii ilikuwa na panga la bati puani, lililozunguka kweli kweli manju wao alipokimbia dhidi ya upepo. Umati wote ulikwenda upande ule kama maji yanavyokwenda bondeni. Manju wetu alisimama nyuma yangu, akiwa na njuga miguuni, kwa hiyo kila alipohamisha uzito wake kutoka mguu hadi mguu nilimsikia. Aliniuliza niko mgongo wa ngapi. Nikasema wa nne. Akauliza kama wa nne hauwezi kuwa na safu chache. Nikamweleza kwamba mchoro ni mmoja, na kwamba safu iliyopungua kwenye mgongo wa nne itaonekana kama jino lililong'oka. Njuga zililia tena. Alipouliza mara ya pili nilikuwa kwenye mgongo wa tano, na sikumjibu, kwa sababu nilikuwa katikati ya mstari.

Mtu wa kwanza kuja kwetu alikuwa mama yake manju. Alikuja na fimbo yake, akakaa juu ya mzani wa pamba kana kwamba umewekwa kwa ajili yake, akaanza kukagua. Ilikuwa haki yake, kwa kuwa mgongo ulikuwa wake. Alihesabu kwa sauti. Vikongwe wawili waliokuwa wakipita walimsikia akihesabu, wakaja kuona anahesabu nini. Mmoja wao, aliyezaliwa upande wa Ibadakuli, alisema kwamba mistari mitano ni makosa. Kwao ilikuwa sita. Mama yake manju akasema kwamba kwao waliongeza mmoja kwa sababu hawakujua kuishia wapi. Yule mwingine akafunua mkono wake hadi begani kama ushahidi. Wakaja wengine wanne. Katika muda usiozidi mgongo mmoja kibanda kilikuwa kimezungukwa na vikongwe waliofunua mikono, mabega na sehemu nyingine ambazo nililazimika kutozitazama, kila mmoja akithibitisha kwa mwili wake kwamba mwenzake alichanjwa na mtu asiyejua kazi.

Baada yao, kama manju alivyokuwa amenifundisha, walikuja wakwe zao wenye watoto mgongoni. Baada ya wakwe wakaja waume. Nami nilikuwa nimefika mgongo wa kumi na mmoja.

Kisha mtunza josho akakaa mbele yangu. Nilichovya brashi. Aliiona, akaanza kucheka. Umati ulionyamaza kwa ajili ya kutazama ulimwona mtu aliyewashinda fahali akimkwepa mwalimu mwenye kijiti chenye manyoya, nao ukacheka. Yeye akasikia wanavyocheka, akazidi. Watu waliokuwa mbali, kwenye ndege, waligeuza vichwa ili kujua kicheko kile kinatoka wapi. Baada ya hapo sikutazama nyuma tena, lakini nilitambua kwamba filimbi zimenyamaza.

Manju wa Ibadakuli alikuja mwenyewe, akiwa bado amevaa ndege. Hakuweza kuingia kibandani kwa sababu ya mabawa, kwa hiyo alisimama nje kwa ubavu, akawaita wazee watatu waje kuamua. Wazee wakaja wamebeba vigoda vyao.

"Hawa hawajapiga ngoma," alisema. "Kama kupaka rangi ni kucheza, basi mama muuza pombe pale, aliyezungukwa na watu tangu asubuhi, ametushinda sote."

Wazee walitazama upande wa mama wa pombe, wakauona uzito wa hoja. Mmoja alikumbusha kwamba zamani ng'ombe aliwahi kuzaa katikati ya uwanja, watu wote wakamzunguka, na hakuna aliyesema kwamba ng'ombe ameshinda. Mwingine alijibu kwamba ng'ombe yule hakuwa na manju. Walishauriana, kisha wakatoa uamuzi: watu hawatahesabiwa mpaka ngoma ilie. Manju wetu apige sasa hivi. La sivyo, itakuwa kama hakuja.

Mtunza josho alikuwa na safu mbili kati ya saba. Nilisema nahitaji dakika chache tu. Manju alinishika mkono wenye brashi, kwa upole, kama mtu anavyomshika mgonjwa.

"Mwalimu," akasema, "umenikusanyia watu. Sasa nipishe nifanye kazi yangu."

Akapiga. Wachezaji walitoka kivulini, wakaimba ubeti wa kwanza wakiutazama umati, kisha wakajipanga bega kwa bega na kugeuka. Naweza kusema bila kujisifu kwamba ulikuwa mchoro mzuri. Ulianza mgongo wa kwanza ukaenda bila kukatika hadi wa kumi na mmoja, na mabega yalipopanda na kushuka ulipanda na kushuka pamoja nayo. Vikongwe waliacha kubishana. Halafu macho yao yakafika kwa mtunza josho, ambaye mgongo wake mpana ulikuwa na safu mbili kiunoni na juu yake ngozi tupu.

"Na huyu mbona hamkummaliza?" aliuliza mmoja, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa kitu pungufu.

Wimbo wa kwanza ulipokwisha, wachezaji walipumzika. Ndege ilikuwa imeruka tena, na baadhi ya watu walianza kuondoka. Mimi, ambaye sikuweza kuvumilia kuuona mgongo ule, nilitoka kibandani na kopo langu nikampaka mtunza josho safu ya tatu palepale uwanjani. Alicheka, umati ukacheka, na wale walioanza kuondoka wakarudi. Manju aliyaona yote hayo. Pumziko la pili nilitoka tena, nikiwa nimeazimia kumaliza kazi. Nilipokwisha safu ya nne na kuchovya kwa ajili ya ya tano, nilisikia njuga karibu na sikio langu.

"Moja tu," alisema manju.

Nilimwambia zimebaki tatu, na kwamba nitazimaliza sasa hivi.

"Ukizimaliza watakwenda kutazama ndege."

Nilimweleza kwamba mchoro usiokamilika ni aibu kwa kundi na kwangu mimi, na kwamba nilikuwa nimefundishwa kutouacha hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwani alikuwa mtu mwenye adabu.

"Moja, Mwalimu," akasema.

Kwa hiyo nilipaka moja. Wimbo wa tatu, safu ya tano. Wimbo wa nne, safu ya sita. Ilipobaki safu moja, na jua bado liko juu, manju alisema nusu. Nusu ya mistari mitano ni jambo lisilogawika, nikamweleza hivyo. Akasema basi mstari mmoja. Mistari mitano ilitufikisha nyimbo tano mbele. Zilipobaki nukta peke yake, alisema nukta moja kila pumziko. Nilikuwa nikitoka kibandani mbele ya watu wa vijiji sita nikiwa na kopo, uzi wa kupimia na brashi ndogo, nikampaka mtu mzima nukta moja, kisha nikarudi kukaa. Vikongwe walikuwa wameanza kunihimiza kwa majina ya utani. Mama yake manju aliwaambia wasiniharakishe. Mumewe, alisema, ni mtu wa taratibu, na hata hao ng'ombe bado wako njiani.

Wakati huo huo samli ilikuwa ikifanya kazi yake. Mgongo wa kwanza, uliopakwa mapema kuliko yote, ulianza kuvuja tulipokuwa kwenye safu ya tano ya mgongo wa mwisho. Wa pili na wa tatu ikafuata. Mchoro ulikuwa ukifutika upande mmoja huku ukingoja kukamilika upande wa pili. Kwa hiyo hapakuwa na dakika hata moja ya siku ile ambapo mchoro ule ulikuwa mzima, na mtu pekee aliyeumizwa na jambo hilo nilikuwa mimi.

Kuhusu nyimbo za manju sina cha kueleza, na hili najilaumu. Alikuwa amezitunga tangu masika, na kwa maelezo ya wote waliozisikia zilikuwa bora kuliko zote alizopata kutunga. Mimi nilikuwa nikihesabu nukta. Ninachokumbuka ni kwamba mkewe alisimama mstari wa mbele tangu wimbo wa kwanza, hakwenda kwenye ndege, na kufikia jioni alikuwa akiitikia viitikio kabla havijafika.

Jua lilipokaribia kuzama wazee watatu walisimama. Hawakuhitaji kwenda mbali. Upande wa pili wa uwanja palikuwa na ndege, imewekwa chini, na mbuzi aliyekuwa akijaribu kuonja bawa lake. Mwenye ndege alikuwa amesimama kwetu, nyuma ya vikongwe, akinyoosha shingo ili aone kama nukta inayofuata ingekuwa kulia au kushoto. Mzee wa kati alitembea hadi kwa manju wetu, akaigusa ngoma yake kwa fimbo, na hapo mambo yakawa yamekwisha.

Nilisimama na kopo langu ili niweke nukta nne zilizobaki. Mtunza josho alikuwa amekwisha kwenda kuoga.

Wachezaji walikutana juma lililofuata, wakaamua kwamba ngoma kuu ibaki ilipokuwa. Ilibaki nyumbani kwa manju yule kwa miaka yote niliyofundisha kijijini pale. Msimu uliofuata wazee waliongeza kanuni ya pili juu ya ile moja ya zamani: kila kundi liingie uwanjani likiwa limekwisha kupakwa rangi.